Huzuni Isiyoomba Radhi: Neno "Sorrow" katika Kinywa cha Dola

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa fani ya tafsiri, wakalimani, wahariri na waandishi wa habari mliohudhuria, assalamu alaykum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie neno moja la Kiingereza, nami nimechagua "sorrow". Najua wapo watakaoguna kwamba nimechagua neno jepesi, kwa kuwa hata mwanafunzi wa darasa la saba akiulizwa atajibu kwamba maana yake ni huzuni, na kamusi itamuunga mkono. Sina ugomvi na kamusi. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kudhani kwamba tukishaandika "huzuni" kazi imekwisha, hata pale neno hilo linapotoka katika kinywa cha mtu anayezungumza kwa niaba ya dola kuhusu watu waliouawa na kuteswa na dola hiyo hiyo.

Tarehe 31 Oktoba 2023, katika dhifa ya kitaifa iliyoandaliwa Ikulu ya Nairobi, Mfalme Charles III wa Uingereza, akigusia ukatili waliotendewa Wakenya enzi za ukoloni, alisema hivi: "The wrongdoings of the past are a cause of the greatest sorrow and the deepest regret." Ni sentensi fupi, na kila aliyewahi kukaa katika kibanda cha ukalimani, masikioni ana vifaa na mbele yake hana maandishi, anajua kwamba sentensi fupi za wakubwa ndizo zinazotesa, kwa sababu kila neno lililobaki humo limepimwa na kupimwa tena na watu wengi kabla ya kusomwa. Tafsiri iliyo karibu na mkono ni "huzuni kubwa mno na majuto makubwa kabisa". Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu ya kwanza ya tafsiri hiyo ni sahihi lakini inahitaji kusomwa kwa uangalifu, na kwamba sehemu ya pili inampa Mfalme sifa ambayo yeye mwenyewe hakuidai.

Tuanze na ukoo wa neno. "Sorrow" ni neno la Kiingereza cha kale, enzi hizo likiitwa "sorg", na lilikuwa likitumika kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066 na kuingiza maneno yao ya Kifaransa. Ndugu yake yupo mpaka leo katika Kijerumani, "Sorge", ingawa huyo amehamia upande wa wasiwasi na mahangaiko. "Grief", ambalo mara nyingi huwekwa sahani moja na "sorrow", ni mgeni aliyekuja na Kifaransa, na mizizi yake ni neno la Kilatini lenye maana ya uzito. Kwa hiyo Mwingereza ana neno la wenyeji na neno la wageni kwa jambo moja, kama sisi tulivyo na simanzi na majonzi kwa upande mmoja na huzuni, iliyotoka Uarabuni, kwa upande wa pili.

Kuna neno la tatu ambalo ni lazima tulitenge mapema, nalo ni "sorry". Watu wengi, Waingereza wenyewe wakiwamo, huamini kwamba "sorry" ni mtoto wa "sorrow". Sivyo. "Sorry" limetokana na "sārig", ambalo lina shina moja na "sore", yaani kidonda au maumivu ya mwili. Maneno hayo mawili yaliishi jirani kwa karne nyingi, sauti zao zikakaribiana, na watu wakayachukulia kuwa ni ndugu wa damu. Tofauti ya ukoo isingekuwa na maana yoyote kwetu kama isingeambatana na tofauti ya kazi. Mwingereza akisema "I am sorry" anaweza kuwa anatoa pole, na anaweza kuwa anaomba radhi. Mazingira ndiyo yatakayoamua. Lakini akisema ana "sorrow", hawezi kuwa anaomba radhi. Neno hilo halijawahi kupewa kazi hiyo, si kanisani, si mahakamani, wala si sokoni.

Waliolipima neno hili zamani waliona jambo hilo hilo. Mwanafalsafa John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alilieleza kuwa ni kukosa utulivu moyoni kwa kufikiria jema lililopotea ambalo mtu angeweza kuendelea kulifaidi, au kwa kuhisi baya lililopo. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, alikwenda mbele zaidi akasema kwamba kwa kawaida "sorrow" haichukuliwi kuwa ni zao la ubaya uliopo, bali la wema uliopotea. Johnson alikuwa amefiwa na mkewe mwaka 1752, wakati kamusi hiyo ikiwa bado mezani, kwa hiyo sidhani kama aliandika mstari huo kwa kunakili vitabu tu. Someni fasili zote mbili kwa makini: ndani yake yumo aliyepoteza, na kimo kilichopotea. Aliyekipoteza kwa makusudi, au aliyekipokonya, hayumo.

Ushahidi mzuri kuliko wote tunao wenyewe, umo ndani ya Biblia zetu, na wenzangu Waislamu mtaniwia radhi kwa kukaa hapo kidogo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile inayoitwa kwa jina la Mfalme James, ilitumia "sorrow" kwa ukarimu usio wa kawaida, na ndiyo iliyolijaza neno hilo uzito wa ibada linaouvaa hadi leo. Wafasiri wa Kiswahili waliotuletea Union Version ya mwaka 1952 walishughulika na Kiebrania na Kigiriki, kwa hiyo hawakufungwa na chaguo la Waingereza, na matokeo yake ni kama mtu aliyechukua sarafu moja kubwa akaivunja chenji. Katika Mwanzo 3:16, mahali ambapo Kiingereza kile kinasema mwanamke atazaa "in sorrow", Kiswahili kinasema "kwa utungu utazaa watoto". Mstari unaofuata, ambapo Adamu anaambiwa atakula mazao ya ardhi "in sorrow", sisi tuna "kwa uchungu". Mathayo 24:8, penye "the beginning of sorrows", kwetu ni "mwanzo wa utungu". Ufunuo 21:4 inasema hakutakuwa na "sorrow". Kiswahili kinasema "maombolezo". Na katika Zaburi ya 18, mahali ambapo Mwingereza wa 1611 alizungukwa na "the sorrows of death", Mswahili amezungukwa na kamba: "Kamba za mauti zilinizunguka." Neno la Kiebrania lililopo pale lina sura ya kamba na sura ya utungu, na kila mfasiri alichukua upande wake.

Halafu ipo Isaya 53:3, ambayo kila mwenye kuhudhuria ibada ya Ijumaa Kuu ameisikia: "a man of sorrows, and acquainted with grief". Hapa wafasiri wetu waliweka "Mtu wa huzuni nyingi, ajuaye sikitiko". Ninaupenda mstari huo kwa namna wafasiri walivyokataa kutumia huzuni mara mbili. Walikuwa na maneno mawili mbele yao, wakatafuta maneno mawili.

Lakini mstari unaonihusu zaidi leo ni wa Paulo, 2 Wakorintho 7:10. Kiingereza kinasema "godly sorrow worketh repentance". Kiswahili kinasema: "Maana huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu lisilo na majuto, bali huzuni ya dunia hufanya mauti." Angalieni jinsi maneno matatu yalivyopangwa: huzuni, toba, majuto. Kila moja limesimama mahali pake. Huzuni inaweza kuzaa toba, na inaweza kuzaa mauti, lakini yenyewe si toba. Mwandishi aliyejua kazi yake aliona haja ya kusema kwamba ipo huzuni ya namna mbili, kwa sababu kumwona mtu ana huzuni hakukuelezi bado atakwenda wapi.

Sasa tutoke kanisani. Mwingereza wa leo, wa London au wa Leeds, halitamki neno "sorrow" anapozungumza na rafiki zake. Akifiwa atasema yuko "sad", au atasema hajui aseme nini. "Sorrow" limebaki katika makazi machache. Limo katika msemo wa kulewa ili kusahau, wanaposema mtu anazamisha "sorrows" zake kwenye pombe. Limo katika msemo wa mkubwa anayekaripia kwa upole, akidai kwamba anaongea kwa "sorrow" zaidi kuliko kwa hasira. Msemo huo umetoka kwa Shakespeare, na kwa maoni yangu hutumiwa zaidi na watu waliokasirika. Limo pia katika wimbo wa watoto kuhusu ndege mmoja wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, ambaye akionekana peke yake ni ishara ya "sorrow" na wakionekana wawili ni furaha. Wapo watu wazima na akili zao huko Uingereza ambao wakimwona ndege huyo peke yake humsalimia kwa heshima, kama mzee wa mtaa, ili kuepusha balaa. Sisi wenye bundi wetu hatuna la kuwacheka.

Makazi makubwa zaidi ya neno hili, hata hivyo, yapo hapa kwetu. Fungueni gazeti lolote la Kiingereza la Nairobi, kurasa za matangazo ya vifo, mtalikuta limejipanga chini ya picha baada ya picha: "It is with deep sorrow and humble acceptance of God's will that we announce..." Afrika Mashariki imelitunza neno hili pengine vizuri kuliko wenyewe waliolileta. Na pale linatumiwa na nani? Linatumiwa na mfiwa. Ni familia inayosema, ni mjane, ni watoto, ni wajukuu na vitukuu walioorodheshwa kwa majina. Tangazo la redio la Kiswahili lingesema "kwa masikitiko makubwa" au "familia inasikitika kutangaza kifo cha", na msikilizaji angejua mara moja kwamba anayesema ndiye aliyepatwa na msiba.

Hapa ndipo nataka tusimame, kwa kuwa ndiyo kiini cha niliyokuja kuyasema. "Sorrow" ni neno la aliyeko ndani ya msiba. Anayelitumia anajiketisha miongoni mwa waliopoteza. Mfalme aliposimama Ikulu ya Nairobi na kusema kwamba makosa ya wakati uliopita ni sababu ya "sorrow" kubwa kupita zote, alichukua nafasi ya mfiwa. Sisemi kwamba hakuwa mkweli. Inawezekana kabisa kwamba alihuzunika. Ni mtu mzima aliyesoma historia. Ninachosema ni kwamba neno alilolichagua, au alilochaguliwa, lilimweka upande wa waliopoteza, wakati taji alilovaa ndilo lililokuwa limetajwa juu ya amri za kuwafunga Wakenya kambini.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Neno hili lina historia yake katika hotuba za Waingereza kuhusu yaliyotendwa na dola yao, na ukilifuata unaona wazi kwamba halikuokotwa njiani. Novemba 2006, ikikaribia miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa, Waziri Mkuu Tony Blair aliandika kuhusu "deep sorrow" kwamba biashara hiyo iliwahi kuwapo. Machi 2022, Kingston, Jamaica, Mwanamfalme William alieleza "profound sorrow". Miezi mitatu baadaye, Kigali, katika mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola, Charles mwenyewe, akiwa bado Mwanamfalme wa Wales, alisema hawezi kueleza kina cha "personal sorrow" yake kwa mateso ya watu wengi kiasi kile. Na hilo neno "personal" msiliache lipite, kwa sababu linaitoa huzuni mikononi mwa dola na kuikabidhi kwa mtu mmoja. Kisha ikaja Nairobi. Maeneo manne, vinywa vitatu, neno moja.

Ni haki nimtaje Blair mara ya pili, maana Machi 2007, baada ya kukosolewa kwa maneno yake ya awali, alisema hadharani kwamba wameshasema "sorry" na kwamba anasema tena. Hilo ni neno la kila siku, la mtu aliyemwagia mwenzake chai, na ndiyo maana lilikuwa na nguvu. Hata hivyo lilibaki bila kuandamana na tendo.

Kwa nini basi "sorrow" na si kuomba radhi waziwazi? Sababu ni za kisheria na za kikatiba, na mfasiri anayezijua atatafsiri vizuri zaidi. Mfalme wa Uingereza huzungumza katika mambo ya dola kwa ushauri wa mawaziri wake. Hawezi kuamka asubuhi akaomba radhi kwa niaba ya serikali ambayo haijakubali. Na serikali ilikwisha kuchora mstari wake tarehe 6 Juni 2013, pale Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alipotangaza bungeni makubaliano na Wakenya 5,228 waliodai kuteswa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akasema serikali inasikitika kwa dhati kwamba matendo hayo yalitokea, akataja malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, na katika hotuba hiyo hiyo akasema serikali inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Kukiri mateso, kusikitika, kulipa na kukana wajibu: yote katika pumzi moja. Neno lenye kuomba radhi lingeutia mstari huo ufa. Neno lenye kuhuzunika haliugusi.

Wakenya walilijua hilo kabla ndege ya Mfalme haijatua. Shirika la Kenya Human Rights Commission lilimtaka aombe radhi waziwazi na bila masharti, na likatofautisha kabisa ombi hilo na taarifa za tahadhari za kusikitika zilizozoeleka. Rais William Ruto, katika dhifa hiyo hiyo, alisema bado kuna mengi ya kufanywa ili fidia kamili ipatikane. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tofauti hii ni ya walimu wa lugha peke yao.

Nije kwenye "regret". Nilisema kwamba "majuto" yanampa Mfalme sifa ambayo hakuidai. Tazameni neno hilo linavyotumika katika maisha ya kawaida. Kijana anaomba kazi, baada ya wiki kadhaa anapokea barua inayoanza "We regret to inform you". Hakuna mfasiri hata mmoja hapa ambaye angeandika kwamba kampuni inajuta. Tunaandika "tunasikitika kukujulisha", na tunaandika hivyo kwa sababu tunajua kampuni haijuti chochote. Nafasi ilikuwa moja na waombaji walikuwa wengi. "Regret" ya Kiingereza inaanzia kwenye adabu ya karani na inafika hadi kwenye moyo uliovunjika kwa kosa lake. Ni neno pana. "Majuto" yetu si pana hivyo. Tunasema majuto ni mjukuu, huja kinyume, na kila anayeambiwa maneno hayo ni mtu aliyefanya jambo kwa mikono yake, au aliyeonywa akakataa kusikia. Hatumwambii aliyeibiwa. Hatumwambii mtazamaji. Anayejuta kwa Kiswahili ni mtenda.

Ndiyo maana nashauri "masikitiko". Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja yenye nguvu: Mfalme hakusema "regret" ya barua, alisema "deepest regret", na alikuwa amekwisha kutaja "wrongdoings", yaani makosa. Je, mtu akitaja makosa kisha akataja "regret" ya kina, hajuti? Ningekubali kama makosa hayo yangekuwa na mwenyewe. Irudieni sentensi. Makosa ni "of the past", ya wakati uliopita. Mwenye makosa ni wakati. Hayo makosa nayo ni "a cause", ni sababu ya huzuni na masikitiko, lakini huzuni ya nani, haikutajwa. Hakuna "yangu" wala "yetu" mahali popote katika sentensi hiyo. Majuto yanayoelea hewani bila anayejuta hayawezekani katika Kiswahili, masikitiko yanawezekana.

Desturi zetu wenyewe zinatusaidia kuona pengo lililopo. Mtu akikukanyaga ndani ya daladala atasema "samahani", na akiona umeumia ataongeza "pole". Mpangilio ndio huo. Abiria wa kiti cha nyuma, ambaye hakukugusa, atasema "pole" peke yake, na hakuna atakayemlaumu. Lakini aliyekukanyaga akisema "pole" tu, tena kwa sauti nzito ya huzuni, akatazama dirishani, abiria wote watamgeukia. "Samahani" ni neno la Kiarabu linalomwelekea mtu na kumwambia "nisamehe". Ndani yake yumo anayeomba na yumo anayeombwa, na anayeombwa ana hiari ya kukataa. "Naomba radhi" ni vivyo hivyo. "Sorrow" halimwombi mtu chochote, kwa hiyo halimpi mtu yeyote nafasi ya kujibu. Kwa hakika, nadhani hilo ndilo linaloumiza zaidi kuliko hata kukosekana kwa fidia: mzee aliyefungwa kambini hakupewa hata uwezo wa kusema "sijakusamehe".

Siku moja tu baada ya dhifa ile ya Nairobi, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, mahali ambapo mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano pamoja na wapiganaji wenzake wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo, kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria, viliua hadi watu 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala. Kijerumani kina ile "Sorge", na kina maneno mengine tele ya majonzi. Steinmeier alisema anainama mbele ya wahanga, na kwamba kama Rais wa Ujerumani anataka kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa wasikilizaji wake. Hesabuni viungo vya sentensi hiyo: anayeomba yumo, kwa cheo chake, watenda wamo, kwa taifa lao, waliotendewa wamo, na wajukuu zao wamekaa pale pale mbele yake. Mkalimani wa siku hiyo hakuwa na kazi ngumu. Sentensi ilikuwa imekamilika kabla haijamfikia. Sitaki kuwapamba Wajerumani kupita kiasi. Mabaki ya watu wetu bado yamo katika makumbusho yao, na msamaha ulioombwa kwa maneno unadaiwa vitendo. Nazungumzia sarufi tu, na kwa upande wa sarufi, Songea ilipata zaidi ya Nairobi.

Ndugu zetu wa Kongo wana mfano wao. Tarehe 30 Juni 2020, nchi yao ikitimiza miaka 60 ya uhuru, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais Félix Tshisekedi akieleza "regrets" zake za kina kwa majeraha ya zamani, na akayarudia maneno hayo alipozuru Kinshasa mwaka 2022. Neno la Kifaransa ni pana kama lile la Kiingereza. Desemba ya mwaka huo, tume ya bunge la Ubelgiji iliyokuwa imefanya kazi kuhusu historia ya ukoloni ilivunjika bila kuafikiana, na kilichowashinda wabunge ni kama waandike neno "excuses", yaani kuomba radhi, au waliache. Tume nzima ilikwama juu ya neno. Mtu asituambie tena kwamba wafasiri wanabishana kuhusu vitu vidogo.

Kwa wale wanaotaka tafsiri ninayoipendekeza ya sentensi ya Mfalme Charles, ni hii: "Makosa ya wakati uliopita ni jambo la huzuni kubwa mno na la masikitiko mazito kabisa." Nimeandika "ni jambo la huzuni" kwa makusudi, wala si "yanatuhuzunisha", kwa sababu Mfalme hakusema "sisi". Wapo watakaoona tafsiri hii ni baridi. Ni baridi kwa sababu ya Kiingereza chake, na si kazi yetu kuipasha moto.

Baada ya sentensi hiyo Mfalme alisema jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi, na lisipotafsiriwa vizuri tutakuwa tumemdhulumu. Alisema palitendwa matendo ya kikatili ya kuchukiza na yasiyo na uhalali dhidi ya Wakenya waliokuwa wakipigania uhuru, na akamalizia: "for that, there can be no excuse." Hapa mtego ni kinyume cha ule wa kwanza. Ukiandika "hausameheki" umepitiliza, maana hakusema juu ya kusamehe. Ukiandika "hakuna msamaha" umepotosha kabisa, kwa kuwa msomaji ataelewa kwamba ni Wakenya wanaonyimwa au wanaokataa kusamehe. Neno letu ni "udhuru": "na kwa hilo hapawezi kuwa na udhuru wowote." Katika kifungu hicho hakuna "sorrow" hata chembe, na ndipo alipokaribia zaidi kusema jambo ambalo mdai anaweza kulishika.

Ninyi wahariri mna haki moja ambayo sisi wakalimani hatuna. Mkalimani hutoa kilichosemwa na kunyamaza. Mhariri, chini ya tafsiri hiyo, anaruhusiwa kuweka sentensi yake mwenyewe inayomweleza msomaji wa Nyeri au wa Hola kwamba Mfalme alieleza huzuni, hakuomba radhi. Ninachowaomba ni kwamba sentensi hiyo iandikwe kama habari, mahali pake, kwa jina la gazeti, badala ya kuisukumiza kimyakimya ndani ya tafsiri kwa neno "majuto", au kuifuta kwa kichwa cha habari kinachosema Mfalme ameomba msamaha. Wakati wa maswali nitafurahi kusikia kutoka kwa wale waliokuwa zamu usiku ule, kwa sababu nashuku kwamba mabishano mazuri zaidi kuhusu neno hili yalifanyika katika vyumba vya habari, dakika chache kabla ya taarifa kwenda hewani.

Ahsanteni sana.